Vifaranga Wana Ugali, Lakini Hawana Kitoweo

Kuku akiangua vifaranga 12, nyumba nzima hufurahi. Lakini mwenye kuku akihesabu tena baada ya wiki 8, huenda akakuta 5 tu wamebaki. Mmoja alichukuliwa na mwewe. Wawili walilowa mvua wakafa kwa baridi. Wale wengine walidhoofika polepole, mabawa yakaning'inia, manyoya yakakataa kuota, mwisho wakafa na hapana mtu aliyejua sababu.

Mwewe twamlaumu kila siku kwa maana twamwona. Mvua kadhalika. Lakini yuko adui mwingine asiyeonekana, naye ni njaa. Utasema, "Njaa gani, na mimi kila asubuhi nawamwagia mahindi yaliyosagwa?" Ni kweli, mahindi unawapa. Lakini mahindi kwa kifaranga ni kama ugali kwa mtoto. Mtoto akilishwa ugali mtupu kila siku tumbo litajaa, lakini mwili hautakua. Hali ya vifaranga wako ni hiyo hiyo. Wana ugali, lakini hawana kitoweo.

Habari hii ni juu ya kitoweo hicho, na jinsi ya kukifuga mwenyewe nyumbani kwa takataka za jikoni. Kitoweo chenyewe ni mdudu.

KWA NINI MAHINDI HAYATOSHI

Katika kilo 100 za mahindi, chakula cha kujenga mwili ni kilo 8 au 9 hivi. Kifaranga katika wiki zake za kwanza ahitaji kilo 18 mpaka 20 katika kila kilo 100 za chakula chake. Utaona basi kwamba hata akila mahindi mpaka kibofu cha shingoni kipasuke, hawezi kupata nusu ya haja yake.

Wenye fedha hununua chakula cha vifaranga dukani. Wengine huchanganya mahindi na omena, au soya, au mashudu ya alizeti. Vyote hivyo ni vizuri. Lakini omena ni kitoweo cha watu pia, na kila anayeinunua sokoni ajua jinsi bei yake inavyopanda, na mara nyingine imechanganyika na mchanga. Mama mwenye kuku watatu tu hawezi kununua gunia.

Nasi wakulima wa makao, tuliopata mashamba katika mipango ile ya ekari milioni iliyoanza mwaka 1962, au wazazi wetu walioyapata, twajua jambo jingine. Shamba haliongezeki. Mahali pengi limekwisha kugawanywa kwa wana, na sasa kwa wajukuu. Aliyefuga ng'ombe 6 leo ana nafasi ya wawili. Kuku hahitaji ekari, na ndiyo maana yafaa tumwangalie vizuri kuliko zamani. Kuku 10 waliofika umri wa kuuzwa ni karo au ni mbolea ya kupandia. Kuku 10 waliokufa wangali vifaranga ni hasara ambayo haiandikwi popote.

NJIA YA WAZEE: MCHWA

Mtazame kuku mwenye watoto. Tangu asubuhi hufukua majani na kinyesi kikavu. Akipata mdudu huwaita watoto wake, nao huja mbio wakinyang'anyana. Wazee wetu waliliona jambo hilo wakalifuata.

Katika sehemu za Magharibi na Nyanza, watu huchukua chungu kikuukuu, hukijaza mabua makavu ya mahindi na kinyesi kikavu cha ng'ombe, hunyunyiza maji kidogo, kisha jioni hukifudikiza juu ya tundu la mchwa. Mchwa hupanda usiku kuja kula. Asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, chungu huinuliwa na kukung'utwa mbele ya vifaranga. Wale mchwa wenye vichwa vikubwa huuma, kwa hivyo watenge, uwape kuku wakubwa.

Njia hii ni nzuri wala haina gharama. Usiiache. Lakini ina upungufu mmoja: leo mchwa wapo, kesho hawapo. Kiangazi kikizidi hushuka chini sana ardhini. Huu ni uwindaji, si ufugaji. Mtu hawezi kutegemea uwindaji kumlisha mtoto kila siku.

MDUDU WA KUFUGA

Mdudu afaaye kufugwa ni nzi. Usishtuke. Sisemi nzi wa nyumbani, yule mchafu atokaye chooni akatua juu ya chakula. Nasema nzi askari mweusi, ambaye watu wengi wamekwisha kumwona bila kumjua jina.

Ni mweusi, mrefu kama sentimita 2, na miguu yake ina weupe mwishoni. Ukimwona waweza kudhani ni nyigu. Lakini nyigu ana mabawa manne, na huyu ana mawili, wala hana mwiba. Haumi mtu. Akiwa mzima hatafuti chakula chetu. Hunywa maji na kuishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini alipokuwa buu. Ndiyo sababu hana haja ya kuingia jikoni. Huishi wiki moja au mbili tu, akapandana, akataga, akafa.

Kazi ya kula ni ya watoto wake, yaani mabuu. Wengine huwaita funza, lakini si wale funza wa miguuni. Hawa hula maganda ya viazi, ndizi zilizooza, maembe, mabaki ya ugali, majani ya mboga na machicha ya pombe. Wakishiba huwa wanene, rangi ya maziwa. Ukiwakausha, katika kila kilo 100 utapata kama kilo 40 za chakula cha kujenga mwili, na mafuta mengi pia. Tena wana chokaa, ambayo husaidia mifupa ya kifaranga na ganda la yai.

Jambo hili si la kubahatisha. Kituo cha uchunguzi wa wadudu kiitwacho icipe, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, na chenye makao yake Duduville, Kasarani, Nairobi, kimewachunguza nzi hawa na kuwafundisha wakulima kuwafuga. Na mwaka 2017 KEBS, shirika linalokadiria ubora wa bidhaa, lilitoa kanuni juu ya wadudu waliokaushwa wanaotiwa katika chakula cha mifugo.

Kama jirani atakucheka, mwambie hivi: huko Uingereza na Marekani wako watu wanaofuga nyenje katika masanduku nyumbani mwao, ili kuwalisha mijusi wanaokaa nao kama sisi tunavyokaa na paka. Ikiwa mtu aweza kumfugia mjusi mdudu, mjusi ambaye hatamletea hata yai moja la kifungua kinywa, sembuse wewe mwenye kuku?

VYOMBO VYA KAZI

Hapana haja ya kukopa fedha. Tafuta vitu hivi:

Ndoo moja ya chambo. Makarai au mabeseni mawili matatu, hata ya zamani, mradi hayavuji. Vipande vya katoni, ile yenye mikunjo ndani. Vumbi la mbao kutoka kwa seremala. Meza ya miti yenye paa juu, ili mvua isiingie. Na kitambaa cha neti cha kutengenezea kizimba cha nzi wazazi, upana na urefu wa mita moja.

Sikiliza sana hapa juu ya neti. Usitumie neti ya mbu iliyotiwa dawa. Dawa ile yaua wadudu, na nzi wako nao ni wadudu; watakufa wote. Juu ya hayo, neti ile ni ya mtoto kulala ndani yake. Nunua kitambaa kisicho na dawa.

Miguu ya meza iweke ndani ya makopo yenye maji. Usipofanya hivyo, siafu na chungu watakuja usiku mmoja, na asubuhi utakuta karai tupu.

JINSI YA KUANZA

Kwanza, tega chambo. Lowesha mahindi yaliyovunjika au pumba kwa maji, uache siku 3 au 4 mpaka yachachuke. Weka ndani ya ndoo, funika kwa wavu ili nzi wa nyumbani wasifikie chakula chenyewe. Juu ya wavu weka vipande vya katoni vikavu. Iache ndoo mahali patulivu penye kivuli, kama migombani. Nzi wa nyumbani hutaga juu ya uchafu wenyewe. Nzi askari hutaga katika ufa mkavu ulio karibu na uchafu. Katika mikunjo ya katoni utaona mafungu madogo ya mayai, rangi ya maziwa au manjano kidogo. Yatazame kila siku.

Pili, waangue. Chukua katoni yenye mayai uiweke juu ya beseni lenye pumba zilizoloweshwa. Baada ya siku 4 hivi mayai huanguliwa, na mabuu wadogo kama nyuzi huanguka katika chakula. Wape siku 5 hapo walipo, wala usiwasumbue.

Tatu, wakuze. Wahamishie katika karai, uwape takataka za jikoni zilizokatwa vipande vidogo. Kina cha chakula kisizidi sentimita 5. Maji yawe ya kadiri. Kamata chakula mkononi ukikamue: yakitoka matone machache, ni sawa, yakichuruzika, ongeza pumba kavu. Lisha kila siku 3, na usiongeze kabla cha kwanza hakijaliwa. Karai linalonuka ni karai lililoshibishwa kupita kiasi. Kosa hilo ni la mfugaji, si la mdudu.

Nne, vuna. Mabuu wakifika wiki 2 au zaidi kidogo huwa wamenona. Wapitishe katika chekeche, uwavune wangali weupe, kabla ngozi haijawa nyeusi na ngumu. Mabaki yaliyo chini ya karai usiyatupe. Yarundike yaive, kisha uyatie shambani. Ni mbolea nzuri kwa sukuma wiki na mahindi.

USILE MBEGU

Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Hufurahi kuona kuku wanavyokula, wakawamwagia mabuu wote. Wiki ya pili hawana kitu, nao husema ufugaji wa wadudu ni uwongo.

Mkulima, wewe hupeleki mahindi yote kinuni, huweka mbegu. Mtamba mzuri humchinji. Basi na mdudu ni mfugo kama mifugo mingine. Katika kila mabuu 10, acha 1 awe mbegu. Huyo atageuka mweusi, ataacha kula, na atatambaa atoke penye maji atafute pakavu. Mwekee vumbi la mbao. Atakaa humo kimya kama punje nyeusi kwa muda wa wiki 2 hivi, kisha atatoka akiwa nzi.

Nzi hao watie katika kizimba cha neti, mahali panapopata jua la asubuhi, kwa maana wasipopata mwanga wa jua hawapandani. Wanyunyizie maji kila siku. Ndani ya kizimba weka kibakuli cha chambo kilichochachuka, na juu yake vipande viwili vya mbao vilivyofungwa pamoja, katikati pana ufa mdogo. Humo watataga. Tangu siku hiyo hutegemei tena nzi wa mwituni.

HESABU YAKE

Nzi jike mmoja hutaga mayai kama 500. Tuseme umepata mafungu 5, yaani mayai 2,500, na mabuu 2,000 wakaishi. Buu aliyenona ana uzito wa gramu 0.2 hivi. Basi 2,000 ni gramu 400. Kwa muda wa siku 12 katika karai, watakuwa wamekula takataka kama kilo 3 tu.

Toa sehemu ya kumi kwa mbegu. Zimebaki gramu 360. Vifaranga 12 wapewe gramu 40 kwa siku, ambazo ni kama kiganja kimoja, na karai hilo moja litawalisha siku 9. Ukianzisha karai jipya kila wiki, hawatakosa kitoweo hata siku moja. Na zile mbegu zako 200, hata kama ni majike 10 tu watakaotaga, zitakupa mayai 5,000.

Mabuu yasiwe chakula peke yake. Mahindi, majani mabichi na maji safi yaendelee kama kawaida. Kifaranga mdogo mpe mabuu wadogo, au uwakate. Wale utakaotaka kuweka akiba, watie katika maji yanayochemka kwa dakika chache, uwaanike juani mpaka wakauke kabisa, kisha uwasage na kuchanganya na chakula.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Usiwalishe mabuu kinyesi cha binadamu wala mizoga. Usitumie kinyesi cha kuku kwa mabuu watakaoliwa na kuku, maana waweza kurudisha ugonjwa bandani. Kinyesi cha ng'ombe huliwa, lakini kikiwa peke yake mabuu hukua polepole.

Usiwape majani yaliyonyunyiziwa dawa ya wadudu, watakufa. Usichukue takataka za mjini zilizochanganyika na betri na vyuma, kwa sababu mabuu huweza kuweka sumu ya madini miilini mwao, na sumu hiyo ikaingia kwa kuku na kwako. Mahindi yenye ukungu yasitumike.

Tena ukumbuke kwamba mdudu si chanjo. Ugonjwa wa Newcastle ukiingia hautauliza kama kuku amekula vizuri. Afisa wa mifugo akitangaza siku ya chanjo, peleka kuku wako.

Mabuu hupenda joto, nyuzi 27 mpaka 30. Wakulima wa Lugari na wa Shimba Hills hawatapata taabu nyingi. Lakini ninyi wa Kinangop, mlio juu penye baridi, msidanganyike. Mwezi wa Julai mabuu watakua polepole sana, na siku za mawingu nzi hawatapandana. Weka makarai karibu na ukuta wa jiko, uyafunike usiku kwa gunia, na uanze mapema kuliko wengine. Au ununue mabuu wachanga kutoka kwa wafugaji wanaowauza, uwanoneshe tu nyumbani.

MZEE ANAULIZA

Mzee mmoja aweza kumwambia Bwana Shamba: "Mwanangu, kuku akila funza, mimi nitaila vipi nyama yake?"

Jibu ni hili: "Mzee wangu, kuku wa kienyeji unayemsifu kwa utamu, amekula panzi, mende na mchwa maisha yake yote. Tofauti ni kwamba sasa wajua mdudu huyo amelishwa nini, na ametoka wapi."

Na mama aweza kuuliza: "Je, boma langu halitajaa nzi?" La, mama. Mabuu hawa wakiwa wengi katika takataka, nzi wa nyumbani hawapendi kutaga hapo. Takataka zinazoachwa jaani bila kuangaliwa ndizo huzaa nzi wa kuhara.

KALENDA YA KUKATA NA KUTUNZA

Kuku huatamia siku 21. Mdudu naye huhitaji kama wiki 3 tangu yai mpaka kunona. Hesabu hizi mbili zinakaribiana, nawe uzitumie.

Siku 10 kabla ya kuatamisha kuku: lowesha mahindi, utege chambo.

Siku ya kuatamisha: chukua mayai ya nzi ya kwanza, uyaweke yaanguliwe. Karai hili la kwanza liwe la mbegu na la kuku wakubwa.

Siku ya 7: anzisha karai la pili. Hili ndilo la vifaranga.

Siku ya 9: mabuu wa kwanza wahamie katika karai lao.

Siku ya 14: anzisha karai la tatu.

Siku ya 21: vifaranga wanatoka. Karai la pili lina mabuu wadogo, saizi ya midomo yao.

Siku ya 24: wape kiganja cha kwanza, asubuhi, kabla ya mahindi.

Siku hiyo hesabu vifaranga wako, uandike idadi katika daftari. Baada ya wiki 8 hesabu tena. Mwewe atabaki kuwa mwewe, na mvua itanyesha. Lakini wale waliokuwa wakifa kimya kimya, mabawa yakining'inia, hao ndio unaoweza kuwaokoa kwa maganda ya viazi uliyokuwa ukiyatupa. Idadi ya pili itakuonyesha kama umefuga mdudu au umemwinda tu.